Kompyuta Iliyonyunyiziwa Marashi

Wahenga wetu walizikwa kabla kompyuta haijazaliwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubonyeza kitufe akaambulia giza. Hata hivyo, waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ni kana kwamba walikuwa wameketi sebuleni kwa Bi Mannubia, mjini Nabeul, asubuhi ile ya mwezi wa Aprili. Maana ya methali hii si ngumu: aibu ndogo ikifichwa hunenepa gizani, na siku ikitoka hutoka na jeneza.

Kwanza, kosa lenyewe. Jumatano alasiri, jirani yake, Bi Jalila, alikuja kurudisha ungo. Akachungulia chumbani kwa Yosr, binti pekee wa Bi Mannubia, akaiona kompyuta ya mezani. "Lo! Mashine hii haizeeki!" akasema. "Miaka sita, na bado inang'aa kama bibi harusi!" Kisha akajiendea zake bila kusema mashallah.

Bi Mannubia alihisi baridi ikimtambaa mgongoni kama mjusi. Kompyuta ile ilinunuliwa na marehemu mumewe, Si Bashir, yaani Bwana Bashir kwa lugha ya huko, mwaka mmoja kabla hajafa. Aliipakata ndani ya basi njia nzima kutoka Tunis kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Isitoshe, ndani yake mlikuwa na tasnifu ya Yosr, jasho la miaka miwili, iliyotakiwa chuoni Ijumaa saa sita mchana.

Kijicho hakingojewi kibishe hodi. Bi Mannubia aliutwaa mrashi wa fedha, akaujaza maji ya maua ya midanzi, ile michungwa michungu, aliyoyakeneka kwa mkono wake tone kwa tone kutoka kwenye mvuke wa mtungi wa shaba, tena yale ya mkeneko wa kwanza, ambayo hutolewa kwa maharusi na mahujaji tu. Akaizunguka kompyuta akiinyunyizia mara saba. Na kwa kuwa baraka haina kipimo, akaongeza ya nane, juu kabisa, pale penye matundu.

Alhamisi asubuhi Yosr alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya cha kaburini.

"Mama! Nani kaishika kompyuta?"

"Hakuna!" Bi Mannubia alijibu kutoka jikoni, upesi mno. "Labda umeme umekatika."

"Taa inawaka, mama."

"Basi labda imechoka."

Yosr alitokea mlangoni, uso umempauka kama unga. "Nilitaka kuinakili tasnifu leo. Leo hii! Nakala nyingine sina. Kesho nikienda mikono mitupu, narudia mwaka."

Kijiko kilimponyoka Bi Mannubia. Ukweli ulimpanda hadi kooni, ukachungulia, ukarudi. Tangu mwezi wa Ramadhani, Bi Mannubia alipotua birika la chai juu ya mashine hiyo, Yosr alikuwa amemwapisha asiisogelee tena. Atamwambiaje sasa? Akainama kuokota kijiko, akakaa chini huko muda mrefu kuliko kijiko kilivyostahili.

Saa tatu akafika Shedli, fundi wa kompyuta aliyesoma darasa moja na Yosr, kijana mrefu mwenye mkoba wa bisibisi na ulimi usiokaa kimya.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Acha mzaha, Shedli. Nakufa mimi."

"Usife wewe, tutashindwa kujua tuanze na nani."

Alianza na ukuta. Akachomeka taa kwenye soketi; ikawaka. Akabadilisha waya, wapi. Akachungulia swichi ndogo iliyo nyuma, ilikuwa imewashwa. Akafungua kasha, akakitoa kijisanduku cha umeme, akakijaribu peke yake. Feni yake ikazunguka vizuri. "Moyo mzima," akasema. "Ugonjwa uko ndani zaidi."

Bi Mannubia alisimama karibu na mlango akiisokota ncha ya ushungi wake. Kila hatua ya fundi aliisikia kama viatu vya askari vinavyopanda ngazi: sasa yuko orofa ya kwanza, sasa ya pili, sasa anatafuta namba ya mlango.

Shedli akaweka bisibisi chini. "Nina swali moja, na nijibiwe kama mbele ya kadhi. Imelowa hii? Maji, kahawa, chai, machozi ya mwanafunzi?"

"Mimi sijamwaga kitu," akasema Yosr.

"Nauliza kwa sababu ikiwa imelowa, siipi umeme ng'o. Naianika, naikausha siku nzima, inapona. Lakini nikiipa umeme na maji yamo ndani, nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu. Mama Mannubia?"

Macho mawili mawili yakamgeukia. Ukutani, juu ya meza, picha ya Si Bashir nayo ilimtazama. Neno moja tu lilitosha, na neno lenyewe alikuwa nalo. Lakini woga ni mshauri mbaya mwenye sauti tamu. Ulimnong'oneza kwamba marashi si maji, na kwamba tangu jana yamekwisha kukauka.

"Abadani!" akasema. "Kwa roho ya baba yako, Yosr, hata tone."

Alipokwisha kuapa, hakuthubutu tena kuitazama picha.

Shedli aliinua pua. "Mbona inanukia?"

"Nabeul nzima inanukia, mwanangu! Ni Aprili. Hata paka wananukia."

Hilo lilikuwa kweli. Uani shuka tatu zilikuwa zimetandazwa maua meupe, na mtungi wa shaba ulikuwa ukidondosha maji yake taratibu. Shedli akacheka. "Kweli, hata soksi zangu. Mama yangu naye amejaza maua nyumba nzima, analala kwenye kiti."

Akarudisha kila kitu mahali pake, akabonyeza kitufe. Feni ikashtuka, ikazunguka nusu, ikasimama.

"Umeona? Ina uhai!" Yosr akaruka.

Akabonyeza mara ya pili. Feni ikashtuka, ikasimama. Bi Mannubia akafumbua kinywa apige kelele, "Acha!" Kilichotoka kilikuwa, "Mtakunywa chai?"

Mara ya tatu ikalia *tap!* Kiuzi cha moshi kikapanda kutoka matunduni, kikajikunja mbele ya picha ya Si Bashir, na chumba kikajaa harufu ya keki za harusi zilizoungua.

Shedli alichomoa plagi, akaliinamisha kasha. Tone moja, safi kama chozi, likamwangukia kiganjani. Akaligusa kwa ncha ya ulimi. Mtoto wa Nabeul huyaonja maji hayo kabla hajaota meno. Hakuhitaji kipimo kingine.

"Mkeneko wa kwanza," akatamka kama hakimu. "Jamani, mimi nimeitwa kutibu kompyuta. Kumbe nilikuwa namtibu bibi harusi."

Yosr aligeuka polepole. "Mama. Umeapa kwa roho ya baba."

Bi Mannubia akaketi sakafuni, akaeleza yote: Bi Jalila, kijicho, mara saba na ile ya nane. "Niliogopa utanichukia," akamaliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

"Bodi kuu imekwenda, mama," Shedli akasema kwa upole. "Ungesema asubuhi, ningeianika uani pamoja na maua yako, na kesho ingeamka."

"Na tasnifu?" Yosr akauliza.

"Diski ilikuwa pembeni. Sijui kama imenusurika. Twende dukani."

Dukani, Shedli aliichomeka diski kwenye kompyuta yake. Yosr aliuma ukucha. Bi Mannubia hakuthubutu kuingia. Alisimama kizingitini akisoma Yasini na kuikosea. Kioo kilibaki cheusi kwa muda ambao ungetosha kuchemsha yai. Kisha majina ya mafaili yakateremka moja moja, na tasnifu ikafunguka nzima.

Shedli, ambaye kinywa chake hakina mlango, akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: "Natabaruku kazi hii kwa mama yangu, aliyenifundisha kusema kweli hata inapouma."

Kizingitini Yasini ilikatika. Yosr alifumba macho, kisha akasema, "Uache. Chapisha hivyo hivyo."

Ijumaa saa tano na nusu tasnifu ilikuwa chuoni. Lakini kompyuta ya Si Bashir haikuamka tena. Imelala stoo chini ya shuka nyeupe, na kila Aprili maua yakianza kuanikwa Bi Mannubia hupita mbele ya mlango ule ameinamisha kichwa. Alificha tone, akazika mashine: kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.