Kwa Nini Wajawazito wa Ikuvo Huvuka Mto

Haya, nitasimulia, ila msinihimize. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mwaka inanichosha zaidi.

Hapo kale moshi haukuwa msafiri. Ulipowashwa ndipo ulipokaa. Ukichoma taka uani kwako, ulikula moshi wako siku tatu, macho mekundu, nguo zinanuka. Kwa hiyo watu wa bonde la Lumbe walichoma kidogo sana, na pumba za mpunga walizifukia shambani kwa jembe. Ilikuwa kazi ngumu, nayo ilifanyika. Watu wa mlima wa Ikuvo, ng'ambo ya mto, nao walivumilia moshi wa mkaa wao vivyo hivyo.

Upepo ulikuwa kibarua wa wanawake tu. Mwanamke akitaka kupepeta alipiga mluzi. Upepo ulikuja, ukatenga punje na pumba, kisha ukaenda zake kulala.

Mwaka mmoja mavuno yalizidi. Bibi mmoja wa Lumbe, Atuganile, alitazama lundo la pumba lililopita paa la nyumba yake, akachoka kabla hajashika jembe. Mimi simlaumu, maana maumivu ya mgongo nayajua. Alipomaliza kupepeta hakuuaga upepo. Aliuambia, "Leo usiende. Nachoma hizi, nawe unichukulie moshi."

"Niupeleke wapi?"

"Popote. Bora nisiuone."

Upepo ukatii. Lundo likaungua asubuhi moja, uani kukabaki kweupe. Majirani waliona, na kabla ya wiki kwisha bonde zima lilikuwa linapiga mluzi. Hakuna aliyefukia pumba tena. Walichoma pumba, wakachoma mabua, wakachoma hata majani yasiyomkera mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuonja moshi wake.

Sasa Atuganile alikuwa na binti, Sekela, aliyeolewa Ikuvo. Sekela akajifungua mtoto wake wa kwanza, na mama mtu akapanda na unga wa uji kama ilivyo ada. Njia nzima alikohoa, na alipofika hakuweza kuona nyumba ya pili. Mtoto alikuwa na siku tisa. Kifua kilikuwa kinakoroma, titi analishika na kuliachia.

"Mama," Sekela akauliza, "huko kwenu mnachoma nini?"

Harufu ile Atuganile aliijua. Alitoka nje, akapiga mluzi, akauomba upepo uuondoe moshi ule upesi.

"Niupeleke wapi tena, mama?" upepo ukasema, nao umechoka kweli. "Kila ninapofika pana mtu. Na hawa wa huku wameshaniomba niwachukulie moshi wa mkaa. Miezi sita nitaupandisha wenu, miezi sita nitaushusha wao. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Atuganile akashuka bondeni siku hiyohiyo, akawasihi majirani wazime moto siku saba tu, mjukuu wake apate kupumua. Walimpa pole, na pole yao ilikuwa ya kweli. Mmoja alimletea hata kuku. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia na mashamba hayajasafishwa, wakaendelea kuchoma. Siku ya tano baada ya kuwasihi, mtoto akafa.

Atuganile alizifukia pumba zake kwa mikono yake mpaka uzee ulipomshinda. Hakuna aliyemwiga. Sekela alipopata mimba ya pili, mama yake alimfuata mapema akamvusha mto, akae upande upepo unakotoka, na mtoto huyo akakua.

Na tangu siku hiyo upepo wetu una majira mawili, na wajawazito wa pande zote mbili huukimbia. Kiangazi wa Ikuvo hushuka kwetu. Upepo ukigeuka, wetu hupanda kwao. Wiki hii tumepokea wawili, mmoja bado msichana kabisa. Tunawapokea vizuri, hilo hakuna anayeweza kutusema. Tunawatandikia kitanda, tunawapikia uji, tunawauliza hali za watoto waliowaacha nyumbani. Kisha tunatoka nje, tunawasha pumba.