Jina Moja Kwenye Fomu ya Msamaha

Bisha kama unataka. Wajuaji kuliko wewe wamebisha hapa, wakaondoka kimya.

Nyumba moja ilikuwa na watu watatu. Bi Kidawa, mjane mwenye nyumba, alikuwa na jicho: akikutazama tu anajua umeficha nini. Mpangaji wake Zawena, muuza barafu za ubuyu, hakuwa akitupa karatasi. Mpangaji mwingine, Chande, aliacha shule darasa la sita, lakini mdomo wake ungemuuzia samaki maji.

Kodi ya jengo ilikatwa kila Zawena aliponunua umeme. Nyumba ya Bi Kidawa, lakini friji linalozimika umeme ukiisha kabla ya mwezi ni la Zawena. Ndipo ukatangazwa msamaha wa kodi hiyo kwa wenye kipato kidogo, wenye nyumba na wapangaji.

Mkaguzi alipokuja kuhakiki kipato, Bi Kidawa alimpeleka mpaka jikoni, akafunua sufuria: mchicha mtupu. "Niambie, baba, tajiri anakula hivi?"

Zawena alitoa risiti za umeme za miaka miwili, zimetungwa kwenye waya kama samaki. Haikukosekana hata moja.

Chande aling'ang'ania dirisha la karani wa kodi siku tatu. Akambembeleza, akamchekesha, akamchosha, mpaka fomu ikagongwa muhuri. Akarudi nayo akitamba: "Linatakiwa jina moja tu. Mwenye jina ndiye anarudishiwa hela yote iliyokatwa."

Bi Kidawa akaishika fomu kwa mikono miwili. Alishaona mbali: leo jina la mpangaji kwenye karatasi ya serikali, kesho atadai nyumba aliyoijenga marehemu.

"Liandikwe langu."

"Mama, zilizokatwa si hela zangu?" Zawena akauliza.

"Hela zako, au unaitaka nyumba yangu?"

"Nalitaka friji langu liwake, Bi Kidawa!"

"Basi andikeni langu," Chande akadakia, "niwatunzie."

Wote wawili wakamgeukia. "Wewe?"

Bila jiko lile, mkaguzi asingeamini. Bila risiti, hakuna cha kudai. Bila mdomo, hakuna muhuri. Kalamu ungempa nani?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nimekiruka. Karani alisema fomu inapokea majina mawili: mwenye nyumba, na mpangaji anayelipia umeme. Wagawane nusu kwa nusu. Chande akaona hapo hamna lake, akarudi akisema ni jina moja.

Na Chande ndiye mimi. Fomu inarudishwa kesho asubuhi, bado sijawaambia. Haya, mjuaji, amua sasa: kati yetu watatu, nani apate nini?