Neno Lililobaki Lilikuwa Maji

Mtu mmoja alirithi shamba la chai kutoka kwa baba yake, na pamoja na shamba akarithi watu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi humo. Jina lake Ambakisye. Baba yake alikuwa mkali, wala sitamsifu kupita kiasi, lakini alikuwa na desturi moja. Kila Jumamosi, majani yakishapimwa, aliketi kwenye benchi mbele ya banda la mizani, na mchumaji yeyote aliweza kukaa kando yake akasema lililompata. Wengine walisema kwa muda mrefu. Mara nyingine mzee alisinzia. Lakini hakuondoka.

Ambakisye aliishi mjini, na benchi lilikuwa mbali. Akamwajiri Gwakisa, kijana aliyesoma vizuri na mwenye adabu, akamwambia, "Kazi yako ni kunisikilizia watu wangu." Gwakisa akatenga chumba kimoja pale ofisini, akaweka simu ya kurekodi. Mtu aliingia, akasema, akatoka, na maneno yake yakageuzwa maandishi. Kwa kuwa watu walikuwa wengi na watu wa milimani hawaanzi jambo bila salamu, maandishi yakawa marefu. Gwakisa akaona yatamshinda. Akatafuta programu ya akili bandia, ile inayosoma maandishi na kuyafupisha, akaipa kazi.

Sina ugomvi na programu hiyo. Iliyasoma yote, tangu salamu ya kwanza hadi kwaheri ya mwisho, na katika shamba lile lote haikuwepo nafsi nyingine iliyofanya hivyo. Kila ilichoambiwa ikakifanya. Mwanzoni Gwakisa aliambiwa na dhamiri yake asome maelezo ya watu kwanza, kisha muhtasari, aone kama vinalingana. Vililingana. Basi akaacha maelezo, akasoma muhtasari tu. Halafu Ambakisye akasema hata muhtasari ni mrefu, yeye ana mikutano. "Nitolee maneno makuu tu," akasema. Gwakisa akaiagiza programu itoe maneno makuu, ikayatoa. Tangu siku hiyo kilio cha mtu mzima kilifika mjini kikiwa neno moja au mawili, kimenyooka, hakina machozi, hakimsumbui mtu.

Katika shamba hilo alikuwemo mchumaji aitwaye Tupokigwe, mjane, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Sekela, mtoto ambaye bado hajaanza shule. Mwaka huo uongozi ulijenga stoo ya dawa za magugu mteremkoni, juu ya chemchemi ambako watu wote wa kambi ya wachumaji walichota maji. Mvua ziliposhuka, maji yakaanza kunuka. Tupokigwe akamkataza Sekela kuyanywa. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma, akashuka bondeni hadi mtoni, mbali, akapanda na ndoo kichwani. Majirani zake wakafanya vivyo hivyo. Kisha wakakubaliana waende kusema, mmoja mmoja, katika chumba cha simu.

Tupokigwe alisema kama alivyofundishwa kusema mbele ya mkubwa. Alimsalimu Ambakisye, akaulizia watoto wake mjini. Alishukuru kwa mabati ya shule. Akasema, "Sisi huku ni wazima, baba, ila maji ya chemchemi yananuka kama ile stoo, na watoto wa jirani yangu wamevimba midomo. Usitukasirikie. Tunaomba uje uyaone." Kisha akaaga, akatoka, na moyo wake ukawa mwepesi.

Mimi na ninyi tunajua Kiswahili chetu. Tunajua kwamba mtu akiulizwa hali atasema ni mzima hata kama anakata roho, na kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila." Programu nayo ilijua. Muhtasari wake ulisema wazi kwamba wachumaji wanahofia chemchemi imeingia dawa. Uliandikwa, ukahifadhiwa, na haukufunguliwa. Gwakisa alitazama mstari wa chini, palipokuwa na maneno makuu. Kwa Tupokigwe lilikuwepo neno maji. Kwa jirani yake, maji. Kwa wa tatu, maji. Akafurahi, maana haijawahi kutokea watu wakakubaliana hivyo. Akampigia simu bosi wake akamwambia, "Mzee, watu wanataka maji."

Ambakisye hakuwa bahili. Akasema, "Basi wapewe maji." Akaleta mafundi, wakajenga tangi, wakavuta bomba hadi mlangoni mwa kila mstari wa nyumba. Na maji ya kulijaza tangi yatoke wapi, kama si kwenye chanzo kilicho karibu? Wakavuta kutoka kwenye chemchemi.

Watu walipoona mtaro unapanda kuelekea kule, baadhi walisita, wakamwendea Gwakisa kuuliza kama maneno yao yalifika. Akawajibu kwa upole, "Msiwe na wasiwasi. Mlichosema kimefika, na hili ndilo jibu lake." Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu walimwamini. Tupokigwe alirudi nyumbani akajiambia: nimesema maji yana dawa, wamenisikia, na baada ya kunisikia wameyaleta hadi mlangoni kwangu, basi lazima wameyasafisha. Alifikiri kama anavyofikiri mtu yeyote anayeamini kwamba aliyeambiwa amesikia. Siku ya kuzindua bomba, mvua zikiwa zimekatika na maji hayanuki, walichinja ng'ombe. Ambakisye alikata utepe, akapigiwa vigelegele. Tupokigwe akaigeuza ndoo yake ya mtoni kuwa ya kufulia. Akamkingia Sekela kikombe cha maji bombani kwa mkono wake mwenyewe.

Mtoto alianza kutapika baada ya mvua kubwa za wiki iliyofuata. Hakuwa peke yake. Gari la shamba liliwachukua watoto kwenda hospitali, na Sekela akafia njiani, mapajani mwa bibi yake, kabla hawajafika barabara ya lami. Wengine walipona, wengine hawakupona.

Ambakisye alikuja msibani. Alikuja na mchele, sukari na turubai, na nadhani uchungu wake ulikuwa wa kweli. Akaketi mbele ya Tupokigwe, akafunika uso kwa mikono, akasema, "Mama, kwa nini hamkuniambia?"

 Tupokigwe akamtazama. Hakupandisha sauti.

"Nilisema, baba," akajibu. "Siku ile chumbani, nilikuwa nasema na nani?"

Ambakisye akainuka. Alitoka pale akaenda ofisini, na kwa mara ya kwanza akafungua maelezo ya watu wake. Hayakuwa yamefichwa. Hayakuwa yamefungwa kwa ufunguo. Yalikuwa pale yote, sauti na maandishi, na ungegusa mara moja tu ukayapata. Akasikia salamu zake. Akasikia watoto wake wakiulizwa hali kwa majina. Akasikia mabati yakishukuriwa. Akasikia lile "ila," na yote yaliyofuata, na ombi kwamba aje ayaone. Wanasema alilia.

Sijali kwamba alilia. Nitawaambia alichofanya alipokwisha kulia. Aliifunga stoo, akakata bomba, na hayo alipaswa kuyafanya. Akamfukuza Gwakisa, naye Gwakisa akaenda zake akilaumu kifaa. Kisha Ambakisye akarudi mjini, akaitisha kikao, akanunua programu nyingine ya bei kubwa zaidi, akaagiza itoe maneno makuu kumi badala ya moja au mawili. Watu wa kambi wakatangaziwa kwamba chumba cha simu kimefunguliwa upya na wote wanakaribishwa. Hakuna aliyeingia. Ukurasa wa maneno makuu ulifika mjini mweupe, na Ambakisye akafarijika, akawaambia rafiki zake kwamba shamba sasa limetulia.

Ninyi mnaoongoza makanisa, misikiti, shule na wilaya, ninyi mlio na wazazi na wake na waume, msiniulize kama chombo kile ni kizuri au kibaya. Mimi nawauliza ninyi: mtu wenu anapomaliza kusema "sisi ni wazima," ni nani kati yenu ambaye bado ameketi?