Fundi Aliyevuka Bonde kwa Mabawa

Wapendwa, kuna swali ambalo huenda hata wewe umewahi kujiuliza ukiwa umelala chali shambani, unatazama juu: hivi binadamu anaweza kuruka kama ndege? Sizungumzii ndege ya kukata tiketi. Nazungumzia mtu, mikono yake na hewa. Leo sitalijibu swali hilo mimi. Nitawasimulia habari za fundi cherehani mmoja wa huko milimani.

Fundi huyu aliishi ukingoni mwa bonde. Asubuhi, ukungu ukishaondoka, aliweza kuona ng'ambo bati la nyumba ya dada yake. Dada huyo, Namsifu, ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki fundi akiwa bado ananyonya, na huyo dada, naye msichana tu, akambeba mgongoni mpaka akakua. Baadaye akaolewa ng'ambo. Njia ya kwenda kwake ilikuwepo: unashuka, unavuka mto, unapanda. Ukitoka baada ya chai, chakula cha mchana unakula kwake.

Lakini fundi alikuwa na jambo moja kichwani, nalo ni kuruka. Mwanzo alijifunga mikononi mabawa ya mianzi na kitambaa, akapanda juu ya kichuguu, akajirusha huku akiyapiga kwa nguvu zake zote. Akaanguka kama gunia la viazi.

Mwalimu wa shule ya jirani akamweleza. "Fundi, umewahi kumchinja njiwa? Nyama yake karibu yote iko kifuani, na hiyo ndiyo inayopiga mabawa. Wewe nyama yako iko mapajani. Umeumbwa mtu wa kutembea."

"Na mwewe?" fundi akauliza. "Mbona anakaa juu muda wote ule bila kupiga bawa?"

Mwalimu akajibu, "Mwewe anabebwa na upepo."

"Basi na mimi nitabebwa."

Akaacha habari ya kupiga mabawa, akajifunza kuyatandaza. Alishona, akafumua, akashona tena, na nguo za wateja zikarundikana kwenye kona.

Katika miezi hiyo dada yake akaugua. Akina mama waliotoka ng'ambo kuja gulioni wakaleta salamu: "Dada yako anasema uende akuone." Akajibu, "Mwambieni nakuja." Gulio lililofuata wakamwambia, "Anasema hata kama huna cha kumpelekea, wewe nenda tu."

Mkewe akamwambia, "Baba Elifasi, twende kesho. Ndizi nitabeba mimi."

Fundi akasema, "Nikienda kwa miguu, atamwona mtu yule yule anayemjua. Nataka wamtoe nje, akae mlangoni, atazame juu, anione natokea angani. Ile furaha tu itamnyanyua."

Msimcheke. Mtu huyu alimpenda dada yake. Ugumu wa habari hii uko hapo.

Ikaja asubuhi moja ya kiangazi, upepo unapanda vizuri kutoka bondeni. Fundi akabeba mabawa yake mpaka kwenye jabali, na nusu ya kijiji ikamfuata. Akakimbia. Ardhi ikaisha, na yeye hakuanguka. Upepo ulimpokea kwa chini, ukambeba. Akaona miti kwa juu, kitu ambacho hakuna mtu wa kwao aliyewahi kukiona. Akaona mto umekuwa mwembamba kama uzi, na kivuli chake kinapita juu ya mahindi ya watu. Nyuma yake alisikia kelele za kumwita jina. Akadhani wanamshangilia.

Alipokaribia ng'ambo akaona watu wengi nyumbani kwa dada yake. Turubai limefungwa uani, wanawake wameketi kwenye mikeka. Akajiuliza nani amewapa habari kwamba anakuja. Moyo wake ukajaa.

Akatua kwenye shamba la mihogo, akachubuka goti, akasimama na mabawa yake mikononi, akingoja. Hakuna aliyemkimbilia. Wachache walioinua macho waliyashusha tena. Mwishowe akaja mume wa dada yake, ameshika kamba ya kufungia turubai.

"Shemeji, pole," akamwambia. "Mtu niliyemtuma kwako umemwacha wapi?"

"Mtu gani?"

Yule shemeji akayatazama yale mabawa, kisha akamtazama fundi usoni, akaelewa. "Namsifu ametutoka alfajiri. Nilimtuma kijana wa jirani akuite. Labda alifika ukiwa umeshaondoka."

Zile kelele za nyuma, kumbe zilikuwa za mjumbe.

Fundi akataka kukaa chini, mabawa yakamzuia. Shemeji akaanza kumfungua kamba, mkono mmoja, kisha mwingine. Alipokuwa anamfungua akasema, bila ukali wowote, "Jana alituomba tumgeuzie kitanda kielekee dirishani, aione njia. Alisema utakuja."

Sasa, wapendwa, binadamu anaweza kuruka? Huyu aliruka. Wala sisemi kwamba alitenda dhambi kushona mabawa. Mungu aliyempa mwewe upepo ndiye aliyempa fundi akili. Mimi nauliza jambo jingine: ni nani aliyemwomba aruke? Dada aliomba nini?

Ndivyo tulivyo sisi. Tunasema nitakwenda kumwona mama nikishajenga. Nitapatana na ndugu yangu nikishapata cha kumwonyesha. Hata kwa Mungu tunasema nitarudi nikishakuwa mtu wa maana, wakati yeye hajataka umaana wetu, ametuita tu. Tunawaandalia wanaotupenda mambo makubwa ambayo hawakuyaomba, na dogo waliloliomba tunawanyima, kisha tunaliita hilo upendo.

Najua kuna jina limekujia kichwani tangu nilipoanza kuzungumza, na umekuwa ukilisukuma pembeni. Usilisukume. Leo ni Jumapili, hakuna kazi, na jua bado si kali. Tukimaliza wimbo wa mwisho, usinisubiri mlangoni unipe mkono. Nenda.