Baridi ya Tango

Nyinyi mnaokata kachumbari, endeleeni na kazi. Kusikiliza hakuhitaji mikono.

Kulikuwa na wakati tango lilikuwa na joto. Likiiva lilikuwa na joto la yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku, na wanawake walilijaribu shavuni kabla ya kulichuma: la baridi liliachwa, la moto lilikatwa. Siku za masika watoto walitembea na matango vifuani, ndani ya nguo, ili wasitetemeke. Mtango wenyewe haukushika kitu. Ulitambaa chini kama maji yaliyomwagika, na upepo ukiupindua ulibaki vivyo hivyo umepinduka.

Wakati huo, katika kijiji cha Kidundo, aliishi Makame, mtengenezaji wa vitanda vya kamba, na mkewe Mwanamvua, na binti yao Mize, ambaye alikuwa bado hajang'oka jino hata moja. Matendegu, ile miguu ya kitanda, Makame aliyachonga peke yake. Kamba za usumba wa nazi walizisokota pamoja, yeye ncha moja na mkewe ncha nyingine, kila mmoja akizungusha kuelekea upande wake mpaka kamba ikakaza katikati. Kamba ya namna hiyo, ukiichunguza ikiwa imelegea, utaona nusu yake imezunguka kulia na nusu kushoto. Makame aliweza kuitambua kwa kuipapasa tu.

Bustani ya matango, nyuma ya jiko, ilikuwa ya Mwanamvua. Alichanganya udongo na majivu na samadi ya mbuzi. Alitandika majani makavu ya mgomba chini ya kila tango lisilale kwenye tope. Alichuma asubuhi, umande ukiwa haujakauka, kwa kisu kifupi, akiacha kipande cha kikonyo.

"Ukilivuta, mti mzima unashtuka," alimwambia Mize.

"Na mimi je, nisaidie?" Makame aliuliza siku moja kutoka kizingitini.

"Wewe ukiambiwa shika jembe, unashika kiuno. Kaa na vitanda vyako, baba Mize."

Homa ilimchukua Mwanamvua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya kupanda. Walimlaza uani, baina ya jiko na kisima, juu ya kitanda alichokitengeneza mumewe, na chini ya kitanda wakachimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Desturi ya Kidundo ilikuwa kwamba mume humsugua mkewe nyayo kwa povu la majani ya mkunazi, na mke humfanyia mumewe vivyo hivyo, huku akimwambia kwamba kazi imekwisha. Asipoambiwa, walisema, maiti hajui.

Bi Kazija, dada yake Makame, ndiye aliyeongoza kuosha. Alimwita kakake. Makame alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko, na hakutoka.

"Kaka, njoo. Ni haki yake."

"Sugueni nyinyi."

"Sisi tutasugua. Lakini neno si letu."

Hakutoka. Wakamaliza bila yeye, wakamvisha sanda, wakamchukua.

Jioni ile Makame aliomba aachiwe kufukia ufuo mwenyewe. Ulitakiwa ujazwe na kushindiliwa siku ileile, na usipandwe kitu. Alikaa ukingoni akiutazama. Ua wote ulikuwa mkavu, umepasuka kwa jua, isipokuwa pale. Fundoni mwa kanga ya mkewe mlikuwa na mbegu za matango alizozikausha kwa majivu, akiwa amewaahidi majirani wote. Makame alifungua fundo, akazizika mbegu kwenye tope, akazitilia udongo kidogo.

Bi Kazija alipomwuliza kama amefukia, alijibu, "Nimefukia." Hakuona kuwa amesema uongo.

Mtango uliota bila mvua. Majani yake yalikuwa mapana kama viganja, na kwenye kila kifundo cha shina kulitoka kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona kwenye mtango: uzi mwembamba wa kijani, umenyooka, ncha yake ikipapasa hewani. Makame aliuchomekea fimbo. Uzi uliipita ile fimbo bila kuigusa. Ulikwenda kwenye ufagio uliokuwa umeegemea ukuta, ukauzunguka mpini. Uzi wa pili ulishika kata ya kutekea maji. Wa tatu ulikwenda kwenye mchi, na mwingine kwenye ungo, na mwingine, ukipanda ukuta wa jiko, ulikifikia kile kisu kifupi kilichoning'inia kwenye msumari.

Makame alivitazama vile vyombo kwa mpangilio wake. Kufagia, kuteka maji, kutwanga, kupepeta, kuchuma. Ilikuwa asubuhi nzima ya Mwanamvua.

Akauinamia uzi ulioshika ufagio, akaupapasa. Nusu ulikuwa umezunguka kulia, nusu kushoto. Vidole vyake vilitambua kabla ya akili. Hakuna awezaye kusokota hivyo bila mwenziwe upande wa pili.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililomfanya asimwambie mtu. Alianza kukaa kwenye ukingo wa ufuo kila adhuhuri, saa ambayo uani hapana hata kivuli, na kuweka kidole mbele ya uzi. Ulimjia taratibu, ukamzunguka, ukakaza. Aliacha kuchonga. Kitanda cha watu kilibaki kwenye karakana na matendegu matatu, na mwenyewe alipokuja kukiuliza alimkuta fundi amekaa juani, mkono umenyooshwa, anatabasamu.

Kisha mtango ukazaa. Mize aliligusa la kwanza kwa shavu, kama alivyofundishwa.

"Baba, bado. Lina baridi."

Makame aliweka kiganja. Jua lilikuwa utosini, ukuta wa jiko ulikuwa unaunguza, na tango lililoegemea ukuta huo lilikuwa baridi. Aliijua baridi ile. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya paji la uso la mkewe, lenye baridi hiyo, asubuhi aliyofariki, kabla watu hawajaitwa.

"Liache," alisema. Lakini hakusema kwa nini, na mtoto asiyeambiwa sababu hangoji ruhusa. Mize alilila. Lilikuwa na maji mengi, na harufu ya kisima. Kesho yake akala jingine.

Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Mtoto hakutoka jasho. Akawa haulizi chakula cha mchana. Wenzake wakimwita barabarani hujibu, "Nakuja," asiende, akakaa mgongo kwa mtango, miguu ameinyoosha. Bi Kazija alipokuja kuwaletea muhogo alimshika mkono, akauachia mara moja.

"Kaka, huyu mtoto hana joto."

"Amekaa kivulini."

"Kivuli gani, saa hii?"

Makame akageuka amtazame binti yake, naye Bi Kazija akatazama. Mize alikuwa ameinamisha kichwa mbele, macho amefumba, jinsi wanavyoinama watoto wanaosukwa. Nyuzi za kijani zilikuwa zimezigawa nywele zake. Mstari mmoja wa msuko ulikwisha kutoka utosini hadi kisogoni, umenyooka, na wa pili ulikuwa katikati. Kila nyuzi zilipokaza, kichwa chake kilivutwa kidogo nyuma. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Makame alimrukia, akashika uzi mmoja akauvuta. Mtango mzima ulishtuka, nyuzi zote zikakaza kwa pamoja, na mtoto akatoa pumzi kama aliyemwagiwa maji ya alfajiri.

"Usivute," alisema Bi Kazija. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Umeota wapi mtango huu?"

Bi Kazija alifuata shina kwa macho mpaka chini, baina ya jiko na kisima, akaona.

"Ulisema umefukia."

"Nilifukia mbegu."

"Basi Mwanamvua hana ubaya na mwanawe. Anasuka, kama alivyozoea. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha." Akaketi, akamshika Mize miguu, akaanza kuisugua kwa viganja ili aitie joto. "Ni yeye au huyu, kaka. Mimi siwezi kukuchagulia."

Makame alikwenda kwenye ukuta wa jiko. Uzi ulikuwa umekishika kisu kwa mizunguko mingi, na safari hii hakuuvuta. Aliufungua mzunguko mmoja mmoja, nusu kulia, nusu kushoto, kama alivyofungua kamba zao nyingi zilizoharibika. Alirudi na kisu, akachagua tango lililoning'inia juu ya kichwa cha mtoto, akalikata kwenye kikonyo, kisha akalikata kichwa.

Baridi ilimpanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Alibaki na tango mkono mmoja na kichwa cha tango mkono wa pili, na hakujua la kufanya na mikono yake, ila lile aliloitiwa akalikataa. Akakirudisha kile kichwa pale kilipokatwa. Akasugua, kwa kuzungusha.

Povu likatoka. Lilikuwa jeupe, zito, na lilinukia majani ya mkunazi. Alisugua, likazidi. Akaendelea kusugua, povu likimshuka kwenye vidole.

"Kazi imekwisha, Mwanamvua," alisema. "Uani kumefagiwa. Maji yameshatekwa. Nywele za mtoto nitamwomba wifi yako amalizie. Nenda."

Nyuzi zikalegea. Mstari wa pili ulifumuka kwanza, polepole, kisha wa kwanza. Uzi wa mwisho ulioachia ulikuwa uliokaribia sikio, na uliachia kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, asimwamshe.

Mize akafumbua macho. "Baba, nina njaa," alisema.

Makame aliyakata matango yote yaliyosalia, akayasugua moja moja mpaka povu likaisha, na kwa kila moja alisema neno lilelile. Hayakuwa na madhara tena. Kisha akaujaza ufuo na kuushindilia kwa miguu yake, huku Bi Kazija amesimama pembeni akimhesabia makarai ya udongo kwa sauti, kwa sababu kakake alikuwa analia na alitaka awe na kitu kingine cha kusikiliza. Mtango ulinyauka siku ileile. Mbegu zake Bi Kazija alizikausha kwa majivu akawagawia majirani, maana zilikuwa zimeahidiwa. Kitanda cha watu kilipata tendegu la nne, na kamba zake Makame alizisokota na Mize, yeye ncha moja, mtoto ncha nyingine.

Joto halikurudi. Matango yote yaliyotokana na mbegu zile, na yote yaliyotokana na hayo, yamekuwa baridi ndani hata juani, na kuanzia msimu ule mtango una vikono. Nenda ukaviangalie: kikono kilichokwisha kushika kitu kimezunguka nusu kulia, nusu kushoto. Ukikiwekea kidole na ukawa na subira kitakushika. Usikivute, kifungue. Na ndiyo maana hatumpi mtoto tango kabla ya kulikata kichwa na kukisugua palepale kilipokatwa, mpaka povu litoke lote. Wengine husema ni kutoa uchungu tu, na hawakosei. Watu wa Kidundo husugua na kusema neno, kwa sauti ya chini.

Haya, hilo lililo mkononi mwako bado linatoa povu. Sugua.