Neno la Kwenye Ubao wa Kisima

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa, saa tatu na robo asubuhi, Mzee Kasuku alikata roho juu ya tawi lake, na nyika nzima ikabaki bubu. Si kwamba wanyama walikosa midomo. Ila Kasuku ndiye aliyejua Kiingereza, kile kigumu cha maofisini, maana aliishi miaka mingi kwenye baraza ya nyumba ya mwalimu kabla ya kurudi kwao na kuoa. Wakamzika, wakamwombea, wakarudi makwao wakitifua vumbi. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka uliopita.

Siku nne baada ya mazishi, watu walikuja na mtambo wakachimba kisima. Wakajenga birika la saruji, likajaa maji pomoni. Kisha wakasimika ubao wenye neno moja tu la Kiingereza: potabo. Wakaenda zao.

Hakuna aliyethubutu kunywa. Mwaka jana ubao kama huo ulisimikwa kando ya josho la ng'ombe. Wanyama hawakuujali, wakanywa maji yenye dawa, na nyati saba hawakuiona jioni.

Sungura alikuwa na watoto watatu. Wawili walijikaza, lakini kitindamimba wake alikuwa amelala tu, ulimi mkavu kama jani la mwaka juzi. Mama alitafuna mizizi na kumkamulia mdomoni, tone moja moja. Mizizi nayo ilikuwa inakwisha.

Ndipo Fisi alipojitokeza, kifua mbele.

"Poleni, jamaa. Kiingereza kwangu si kitu. Nyuma ya shule ya sekondari nilikula kamusi nzima, jalada, kurasa na gundi yake. Maneno yote yamo humu," akasema, akipiga tumbo.

"Basi tuambie, potabo ni nini?" Sungura akauliza.

"Taratibu, mama. Hilo ni neno la juu, halifikiwi ila kwa ngazi. Jifunzeni kwanza maneno mia, ishirini kwa siku. Karo ni mfupa mmoja kila asubuhi."

"Na maana zake?"

"Maana ni darasa la pili."

Wanyama wakajipanga kwenye vumbi, wakaimba maneno mpaka koo zikawawaka. Ngiri alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama watoto, leo u ekstravaganti!" Mkewe hakujua ametukanwa au amesifiwa, akaona salama ni kumchapa kofi. Nyani alitembea na maneno arobaini kichwani, asijue hata moja la kuombea ndizi.

Aliyetaka kujua maana ya potabo kabla ya wenzake alimwendea Fisi faraghani na kipande cha nyama, akanong'onezwa, akaapishwa asiseme. Hata Simba, mfalme, alipeleka paja zima la pundamilia. Sungura hakuwa na nyama. Alikuwa na mtoto anayekauka.

Siku ya tano ya masomo alikwenda kumpa pole mjane wa Kasuku, aliyekuwa amekaa eda na hatoki.

"Hodi, shoga."

"Karibu. Kama umekuja na mwanamume, abaki huko huko."

"Niko peke yangu. Shoga, huko nje tunateketea. Laiti marehemu angekuwepo atusomee ule ubao!"

Bi Kasuku akatikisa kichwa. "Kila anayekuja kunipa pole ananiambia Kiingereza kimezikwa na mume wangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mimi ninakijua. Mimi niliyelala naye tawi moja! Kila magharibi alinipa neno, na hakukubali nimtajie maana kwa mdomo. Alisema, neno litende, nione. Ubao umeandikwa nini?"

"Potabo."

Mjane akaingiza mdomo kwenye kifuu chenye umande wa asubuhi, akanywa, akafumba macho. "Hivyo. Maji yanayofaa kunywa."

"Una hakika, shoga? Nina watoto watatu."

"Alinifundisha mwaka wa mafuriko, tulipokuwa tukichagua dimbwi. Nilinywa aliponiambia ninywe. Nami ndiye huyu unayemwona."

Sungura akainama, akamshukuru Mungu, akakimbia hadi kwenye birika, ambako Simba alikuwa ameketi na wanyama wote kusikiliza maneno ishirini ya mwisho.

"Mtukufu," akasema, "ninaomba jambo dogo. Kila aliyenong'onezwa maana ya potabo asiitamke, ili asivunje kiapo. Aitende tu, kama marehemu alivyomfunza mkewe."

"Hakuna haja!" Fisi akadakia. "Mtihani ni kesho!"

"Itendwe," Simba akasema.

Ngiri akajitupa chali, miguu juu, kama maiti. Nyani akapiga makofi. Twiga akageuka, akaanza kuondoka. Na Simba mwenyewe akainua shingo, akatanua manyoya, akangoja.

"Mbona hamniinamii?" akanguruma. "Neno lile ni *mfalme asiye na mfano*!"

"Mimi nimeambiwa ni sumu!" Ngiri akasema, bado yuko chali.

"Mimi nimeambiwa ni *rudini makwenu*," Twiga akasema.

"Mimi ni *karibuni harusini*," Nyani akasema, mikono ikiishiwa nguvu.

Fisi akacheka kicheko chake. "Kiingereza ni kipana, jamaa! Ninyi mmezoea lugha nyembamba."

"Na wewe, Sungura?" Simba akauliza. "Utatenda nini?"

Sungura alimwona mwanawe kwa moyo, akawaona na wale nyati saba. Akasema bismillahi, akapanda ukingo wa birika, akazamisha mdomo.

Wanyama wakaziba macho. Sungura akanywa funda la kwanza, la pili, la kumi. Maji yalikuwa baridi na matamu, naye hakuwa na haraka ya kuyaacha.

Fisi alijitahidi kunyamaza, Mungu ni shahidi. Lakini tumbo la fisi halijui siri.

"Basi! Basi, we mwanamke!" akapiga kelele. "Utayamaliza! Yameshapungua tangu juzi!"

Masikio yote yakamgeukia.

"Tangu juzi?" Simba akauliza polepole. "Umeyapimaje, Mwalimu, kama hujayanywa?"

Fisi akalishika tumbo lake lenye kamusi nzima. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatimua mbio. Simba alimkimbiza hadi ng'ambo ya korongo, kidogo kwa ajili ya maji, na zaidi kwa ajili ya lile paja.

Wengine wakanywa. Sungura akajaza mashavu, akaenda kumkamulia kitindamimba wake, naye akafumbua jicho moja, kisha la pili, akaomba tena.

Njia ya mwongo ni fupi.

Na Mzee Kasuku, aliyetoa maneno pamoja na maana zake wala hakumwomba mtu mfupa, Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe alipokosea, alipanue kaburi lake na kulijaza nuru, ampe subira mjane wake, na atukutanishe naye panapo maji yasiyokauka. Amina.