Kibaraza cha Mpima Njia

Mpima njia huanza na kibaraza chake. Jana mlimsikia Bi Arafa akimwambia nahodha wa timu yenu maneno hayo, pale nahodha huyo alipotaka wachelewaji wafukuzwe mazoezini ilhali yeye mwenyewe huja jua likiwa utosini. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza: njia gani hiyo, na kibaraza cha nani? Kaeni vizuri basi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mji wa Msangeni ulikuwa na njia kuu moja tu. Ilitoka sokoni, ikapita mbele ya msikiti, ikaishia nyumbani kwa Liwali. Serikali nzima ya mji ilikuwa Liwali, karani wake, askari wawili wenye bunduki moja, na Kondo, msimamizi wa njia. Kazi ya Kondo ilikuwa kuzibua mitaro, kufukuza mbuzi sokoni, kuangalia punda wasibebeshwe kupita kiasi, na kila Jumatatu kusimama mbele ya baraza la wazee na kueleza hali ya njia. Aliipenda kazi hiyo mpaka watu wakamtania kwamba hata akiota, huota mitaro. Alikuwa na kofia yake ya kazi, bakora yake, na mwanzi wa mikono minane aliopokezwa na msimamizi aliyemtangulia. Mwanzi huo ndio uliokuwa kipimo cha njia. Sharti la mji lilisema kwamba punda wawili wenye mizigo wapishane bila kugusana, na mwenda kwa miguu apate pa kusimama.

Sasa, watu wa Msangeni walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni vibaraza. Mtu akijenga nyumba, kabla hajafikiria paa amekwisha kufikiria mahali pa kukaa nje jioni na kuamkiana na wapita njia. Na kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, nyumba zilipopigwa lipu na kupakwa chokaa, kila kibaraza kilinenepa kidogo. Huyu aliongeza kidole, yule vidole viwili. Hakuna aliyejiona mwizi wa njia, maana kila mmoja aliimega tu. Na kila Jumatatu Kondo alisimama barazani akasema, "Njia ina mikono minane," kwa sababu ndivyo alivyoambiwa siku alipopokea kazi. Mwanzi wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, umetandwa na buibui.

Kondo naye alikuwa mtu wa Msangeni kama wenzake. Miaka miwili kabla ya mambo haya, mama yake, Bi Mwanakheri, alipooza miguu. Mwanamke aliyekuwa akizijua habari za mji kabla hazijamfikia Liwali, sasa alishinda chumbani akitazama ukuta. Kondo aliona uchungu. Akachanganya chokaa kwa mikono yake mwenyewe, akakipanua kibaraza cha nyumba yake shubiri moja na vidole vinne, ili mama apate kunyoosha miguu. Alijua fika kwamba anaingia njiani. Alijiambia, "Shubiri moja, nani ataililia?" Mama akahamia pale, akachangamka, na Kondo akasahau.

Asubuhi moja punda wawili wenye shehena za mawe walikutana mbele ya nyumba hiyo hiyo ya Kondo. Bi Tausi, mfinyanzi, alikuwa akipita na vyungu kichwani, anakwenda sokoni. Akajibanza kwenye ukingo wa kibaraza, lakini hapakuwa na pa kurudi nyuma, na punda mmoja akamgandamiza kwa mzigo wake. Vyungu vikapasuka vyote, na mkono wake wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Mkono wa mfinyanzi ndio shamba lake. Mji mzima ulimsikitikia, na mganga wa mifupa akamfunga gango akisema asiguse udongo kwa miezi mitatu.

Jumatatu iliyofuata Liwali hakungoja Kondo aanze.

"Kondo, njia ina mikono mingapi?"

"Minane, Bwana Liwali."

"Umeipima lini?"

Wazee wa baraza walitazama majamvi. Liwali akaamuru njia yote ipimwe, kila kilichozidi kitiwe alama ya mkaa, na mwenyewe akivunje ndani ya siku saba.

"Na kama kazi hii imekushinda," akasema, "niambie leo nitafute mwingine."

"Naiweza, bwana," alijibu Kondo. Na kweli aliiweza, ila kwa sehemu moja tu, ambayo hakuitaja.

Siku ya pili yake akaupangusa mwanzi, akachukua vibarua wawili, akaanza kupima. Ingawa alikaa karibu na msikiti, Kondo alikwenda kuanzia sokoni. Angeulizwa, angesema ndivyo njia inavyoanza. Lakini sisi tunajua: alitaka achelewe kufika kwake, na ikiwezekana asifike. Vibarua walishika mwanzi huku na huku, na ulipokataa kulala, Kondo alichora mstari mweusi kwenye chokaa nyeupe. Watu walinung'unika, lakini walikuwa wamemwona Bi Tausi na mkono wake, nao wakakubali. Hadi saa nne alikuwa amekwisha kuchora nyumba kumi na moja, na kifua kimeanza kumjaa fahari.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Mzee Mbarouk, mfanyabiashara wa ufuta na mjumbe wa baraza la wazee. Kibaraza chake kiliingia njiani mkono mzima na nusu, kipana kama kitanda cha harusi. Mzee alikuwa amekikalia, buli la kahawa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kondo mwanangu. Kahawa kwanza."

"Kazi kwanza, mzee wangu. Kahawa nitaidai."

Vibarua wakainua mwanzi. Ukasimama mshazari kati ya kuta mbili, haukulala.

"Mwanzi wako mrefu," alisema Mzee Mbarouk, na watu waliokuwa wakifuatana nao wakacheka.

"Mwanzi haukui ukishakatwa, mzee. Kilichokua ni kibaraza."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wa Kondo. Mzee Mbarouk naye alicheka. Akajimiminia kahawa, akanywa taratibu mpaka kelele zikatulia.

"Vema, nitavunja," akasema. "Nitavunja siku ile utakayovunja cha mama yako. Au kile huna habari nacho?"

Kondo alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nitafika huko," akasema.

"Utafika, lakini hutavunja. Mimi nakujua, wewe ni mwana mwema. Na mwana mwema hamwondoi mamaye mahali pake pa kukaa. Basi na mimi niache nikae." Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Kondo zaidi.

Nyuma ya umati mtu mmoja akasema, "Nyani haoni kundule!" Kondo hakugeuka kumtafuta. Alichora mstari wake pale kibarazani, akakunja kanzu, akawaambia vibarua wapumzike.

Habari ikashuka njiani upesi kuliko miguu yake. Baada ya adhuhuri, kabla ya kwenda nyumbani, alirudi hadi sokoni, akapita nyumba alizozichora asubuhi, akakuta watu wanafuta mkaa kwa vitambaa vibichi. Hawakujificha. Mmoja hata alimwamkia, kitambaa mkononi. Kondo aliona aibu, tena aibu ya haki, kwa maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Aliona pia kwamba kama asingefanya jambo, njia ile isingepimwa tena maisha yake yote.

Bi Mwanakheri alikuwa kibarazani, miguu imenyooshwa, bakuli la ubuyu mapajani. Alimtazama mwanawe akija, akaliweka kando bakuli lake.

"Uso huo wa nani umeuvaa?"

Kondo akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote, tangu mwanzi hadi vitambaa. Hakuficha hata lile la chokaa.

"Mama, nilipojenga hapa nilijua. Nilijua naingia njiani."

Bi Mwanakheri alijibu kwa hasira.

"Ulijua, ukaniketisha hapa? Hapa ndipo ninapoonana na ulimwengu, Kondo. Nimepapenda mahali hapa. Kila jioni nakuombea kwa ajili yake. Kumbe nakuombea kwa kitu cha watu?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilimwona Tausi. Alikuwa hapa, karibu nami kama ulivyo wewe. Nilinyoosha mkono nimvute, miguu ikanikatalia. Alikuwa anatafuta pa kujisogeza. Nafasi kidogo tu. Hukuniambia kwamba nafasi hiyo nilikuwa nimeikalia mimi."

Kondo aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka bila kujizuia. Mama alimwacha alie. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya nyumba, "Kesho asubuhi unibebe uniketishe kwa jirani hapo ng'ambo. Nataka kuona ukivunja. Wala usimpe kibarua. Kilijengwa kwa mkono wako."

Asubuhi watu walikuja, maana Msangeni hakuna jambo linalohitaji kutangazwa mara mbili. Kondo alimbeba mama yake mgongoni, akamketisha kwenye kigoda ng'ambo ya njia. Akaweka mwanzi mbele ya nyumba yake, ukakataa kulala. Akapima pengo kwa kiganja, kila mtu anaona.

"Pamepungua shubiri moja na vidole vinne," alisema kwa sauti. "Zote ni zangu. Bi Tausi aliumia hapa kwa ajili ya shubiri yangu, nami nilikwenda kwake jana alasiri kumwambia hivyo."

Akashika sururu. Ole wake fundi hodari! Chokaa ile alikuwa ameichanganya kwa mapenzi, ikapigwa vizuri, ikakomaa. Sururu iliruka kama imepiga chuma. Alipiga mpaka kanzu ikagandana na mgongo, akaivua, akaendelea na shuka kiunoni. Vibarua walisogea kumsaidia, Bi Mwanakheri akawakemea kutoka ng'ambo. Hakuna aliyecheka. Lilipodondoka jiwe la mwisho, vibarua wakalaza mwanzi, nao ukalala chini kutoka ukuta hadi ukuta.

Mzee Mbarouk alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo, mikono nyuma. Alimtazama Bi Mwanakheri pale kwenye kigoda, akamtazama Kondo aliyejaa vumbi jeupe hadi kope.

"Basi," akasema. "Mpima njia ameanza na kibaraza chake. Mimi nitajifunika kwa kisingizio gani tena?" Akageuka kwenda kwake, na kabla ya adhuhuri sauti ya nyundo ilisikika kutoka nyumba ya kumi na mbili. Wale waliofuta mkaa walijichorea upya wenyewe. Ijumaa watu walipotoka msikitini, walitembea wanne wanne bila kusukumana.

Siwadanganyi kwamba Bi Mwanakheri hakupata hasara. Kibaraza kilichobaki kilikuwa chembamba mno kwa miguu yake, basi aliketi ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, akaona kipande kidogo tu cha njia, na siku nyingine alisema wazi kwamba anaukumbuka upepo wa nje. Kondo kila alipomsikia aliumia. Lakini hakuna siku ambayo mama alimwambia arudishe jiwe.

Jumatatu ikafika. Baraza lilijaa, karani ameshika kalamu. Kondo akasimama.

"Njia imepimwa yote, Bwana Liwali, kwa mwanzi na mbele ya watu. Ina mikono minane tangu sokoni mpaka kwenye ngazi za nyumba yako."

"Na hapo kwenye ngazi?"

"Hapo ina saba."

Karani akaweka kalamu chini. Liwali, mtu awezaye kumwondoa Kondo kazini kwa kuinua kidole, alimkazia macho.

"Ni nani aliyekutuma kupima ngazi zangu?"

"Wewe, bwana."

Wiki moja nyuma Kondo asingethubutu. Siku hiyo hakupepesa macho, kwani nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kumsuta. Liwali akawageukia wazee, labda akitafuta wa kumtetea.

"Mzee Mbarouk, unasemaje?"

Mzee Mbarouk alizipapasa ndevu zake. "Mimi nilimbana kijana huyu kwa kibaraza cha mama yake, bwana, nikidhani nimemweza. Akaenda akakivunja. Sasa nimejifunza, mpima njia huanza na kibaraza chake. Kondo amekwisha kuanza, na mimi nimefuata. Lakini kuipima njia hii hakukuwa shauri la Kondo. Ilikuwa amri yako."

Liwali akawaita askari wake wawili. Wazee walidhani Kondo anakamatwa. "Wekeni hiyo bunduki," Liwali akasema, "mkalete nyundo."

Ngazi tatu za Liwali zikawa mbili, na tangu hapo aliingia kwake kwa kuinua mguu juu kidogo kuliko zamani. Na Msangeni kukawa na desturi: mkubwa akitoa amri, watu hawakuuliza kwanza adhabu yake ni nini. Walikwenda kutazama mlangoni kwake. Wakimkuta ameanza, walishika sururu. Wakimkuta hajaanza, walikaa chini wakamwambia kwa adabu zote: mpima njia huanza na kibaraza chake.